Kofia za beringi kuu zimehama: nikate bloku niweke bolti nne, au chanzo kiko kwingine?

#1 Kitovu

Wakuu, habari za kazi. Nimefungua injini ya V8 ya lita 5.7, bloku ya chuma cha kusubu, kipenyo cha silinda milimita 101.6 na mwendo wa pistoni milimita 88.4. Ina kofia tano za beringi kuu, yaani vyuma vinavyoishikilia krenki (mhimili unaozungushwa na pistoni) chini ya bloku, na kila kofia imeshikwa kwa bolti mbili. Injini haikufia njiani. Niliifungua kwa sababu nataka kuifunga tabo (pampu inayoisukumia injini hewa ya ziada), na nilitaka kuijua hali yake kabla sijaanza.

Nilipotoa kofia ya pili, ya tatu na ya nne, nilikuta nyuso zinazokalia bloku zina mabaka ya kijivu yaliyofifia, kama mahali ambapo vyuma viwili vimesuguana kidogo kidogo kwa muda mrefu, na ukipitisha ukucha unahisi vishimo vidogo. Kofia ya kwanza na ya tano ni safi kabisa, hata mistari ya kisu cha kiwandani bado inaonekana. Beringi za kofia hizo tatu nazo zimelika karibu na maungio badala ya katikati: nusu ya juu imelika upande wa kushoto, nusu ya chini imelika upande wa kulia.

Maswali yangu ni mawili. Kwanza, ni kitu gani kinachozihamisha kofia za katikati wakati bolti zake nilizikuta zimekaza? Pili, je, nipeleke bloku ikachongwe ili ipokee kofia za feleji zenye bolti nne, mbili za nje zikiwa zimelala kwa pembe, au stadi nzuri (fimbo zinazopandikizwa kwenye bloku na kukazwa kwa nati) pamoja na mkanda wa chuma unaozifunga kofia zote vinatosha? Nimeshaambiwa mara nyingi "weka bolti nne", lakini aliyesema hakunieleza bolti hizo mbili za ziada zinafanya kazi gani.

#2 BabuSpana

Karibu, kijana. Hapo hakuna fumbo. Bolti zimechoka. Bolti ya kofia hukazwa mpaka inavutika kama mpira, na mvutiko huo ndio unaoibana kofia; ikifunguliwa na kufungwa mara nyingi, nguvu yake ya kujirudi hupungua, na ingawa spana inakuonyesha imekaza, mbano wenyewe haupo. Tupa bolti zote, weka stadi mpya, kaza kwa hatua tatu, utaisahau habari hii. Bolti nne ni kwa ajili ya mashindano. Chevrolet walikuwa nazo tangu mwaka 1955 na bado watu waliendesha za bolti mbili miaka mingi bila shida.

#3 MizaniSawa

Shikamoo Babu. Naomba nisahihishe tarehe, kwa sababu inagusa swali lenyewe. V8 ndogo ya Chevrolet ilipotoka mwaka 1955, ikiwa na ujazo wa inchi 265, ilikuwa na bolti mbili kwa kila kofia. Bolti nne zilikuja mwishoni mwa miaka ya 1960, na hata hapo ziliwekwa kwenye kofia ya pili, ya tatu na ya nne tu. Ya mbele na ya nyuma zilibaki na mbili. Tazameni sasa alichokikuta Kitovu: kofia zilizohama ni hizo hizo tatu. Kofia ya katikati inapokea mzigo wa mikono miwili ya krenki, mmoja kila upande, wakati ya mwisho inapokea mzigo wa mkono mmoja.

Jambo la pili ni beringi. Kulika kwa mshazari, juu kushoto na chini kulia, ni alama ya kofia iliyosogea pembeni, kwa sababu kofia ikisogea kuelekea kushoto, ukingo wake wa kulia unaikaribia shingo ya krenki (sehemu yake inayozunguka ndani ya beringi) huku ukingo wa bloku upande wa kushoto ukibaki umejitokeza. Kama bolti zingekuwa zimelegea tu na kofia inapanda na kushuka, ningetarajia beringi ya chini iwe imepigwa katikati. Kwa hiyo tuulize kwanza ni nini kinachoisukuma kofia pembeni.

#4 HesabuKwanza

Dada Mizani ameuliza swali zuri, na jibu lake linaweza kuandikwa kwa namba. Silinda ya milimita 101.6 ina eneo la sentimita za mraba 81 hivi. Injini isiyo na tabo hufikia shinikizo la juu la baa 70 au karibu na hapo, na kwa baa hizo pistoni inasukumwa kwa takriban kilonewtoni 57, yaani uzito wa tani 5.8. Tuseme Kitovu akifunga tabo atafika baa 110: hapo ni kilonewtoni 89, zaidi ya tani 9. Mzigo huo unagawanywa kwa beringi mbili za jirani, kwa hiyo kila kofia inapata karibu kilonewtoni 45 kwa kila mlipuko.

Watu wengi husahau kwamba katika V ya nyuzi 90 silinda haiko wima juu ya kofia. Imelala nyuzi 45. Nguvu ile ya kilonewtoni 45 inagawanyika: takriban 32 zinaivuta kofia chini, na 32 nyingine zinaisukuma pembeni, kushoto kwa silinda za upande mmoja na kulia kwa zile za upande wa pili, maelfu ya mara kwa dakika.

Bolti ya inchi 7/16 ya daraja zuri, ikikazwa kwa newtonimita 95, inabana kwa takriban kilonewtoni 42, kwa hiyo mbili zinatoa 85. Kwa kuvutwa chini hakuna wasiwasi, kwa kuwa 85 ni kubwa kuliko 32. Lakini mbano unaobaki ni kama 53, na chuma juu ya chuma chenye oili kinashikilia kwa msuguano wa 0.15 tu au chini ya hapo, yaani kilonewtoni 8. Unazo 8 za kuzuia 32. Zilizobaki lazima zizuiwe na mabega ya bloku yanayoikumbatia kofia pembeni. Hii ni hesabu ya juu juu, naikiri hivyo, lakini inaonyesha kwamba bolti haiwezi peke yake kuizuia kofia isihame, iwe mpya au ya zamani.

#5 Mkereza

HesabuKwanza amenitangulia kusema neno ambalo nimelisubiri tangu #1: mabega. Mimi nachonga bloku, na kofia nyingi zilizohama nilizoletewa zilikuwa zimelegea begani. Kofia ya kiwandani inatakiwa ikalie nafasi yake kwa kubana, uigonge kwa nyundo ya plastiki ndipo ishuke, na ukiitoa uitikise kwa bolti zenyewe huku na huku. Fundi asiye na subira huingiza bisibisi pembeni akaibandua, au huipiga kwa nyundo ya chuma. Kila anapofanya hivyo anakula sehemu kadhaa za mia za milimita begani. Baada ya kufunguliwa mara tatu kwa namna hiyo, kofia inaingia kwa mkono kama kifuniko cha sufuria.

Kitovu, safisha kofia na bloku, ondoa beringi, weka kofia bila bolti, kisha jaribu kuisukuma pembeni kwa vidole. Ikicheza, chukua filageji (vibati vyembamba vya kupimia mwanya) upime. Utuletee namba.

#6 DizeliNzito

Nimesoma hesabu ya #4 na siipingi, ila imechukua mlipuko wa kawaida. Mimi naona alama za mapigo ya kugonga, yaani mafuta yanayolipuka yenyewe kabla moto wa plagi haujayafikia. Hapo shinikizo halipandi taratibu. Linaruka ghafla, na kofia inapata kitu kama nyundo. Injini za dizeli huishi na baa 150 hadi 200 kila siku, lakini tazameni zilivyojengwa: kofia nene, bolti kubwa, na mara nyingi kuta za bloku zinashuka chini ya mstari wa krenki ili kuikumbatia kofia kwa kina. Bloku ya petroli ambayo kuta zake zinaishia kwenye mstari wa krenki haikukusudiwa kupigwa hivyo.

Kitovu, tazama taji za pistoni na ukingo wa juu karibu na pete. Ukiona vidoa vidogo kama vya mchanga uliorushwa kwa nguvu, mhalifu umempata, na hata bolti nane hazitakusaidia kama taimingi (wakati wa cheche kuwasha mafuta) na mafuta havitarekebishwa.

#7 Kitovu

Asanteni sana. Pistoni nimezitazama kwa kioo cha kukuzia: sita ni safi, mbili zina vidoa vichache sana ukingoni, silinda ya tatu na ya sita. Sijui kama vinatosha kuwa ushahidi. Aliyekuwa nayo kabla yangu aliniambia aliizungusha mara kwa mara hadi mizunguko 6,000, wakati mwingine zaidi. Je, kasi peke yake inaweza kuhamisha kofia?

#8 KasiTupu

Inaweza, na ndiyo sababu kuu. Pistoni ikifika juu inataka kuendelea kupanda, krenki inairudisha kwa nguvu, na kwa kasi ya mizunguko 7,000 mvuto huo unazing'oa kofia. Mlipuko ni mdogo ukilinganisha na mvuto huo.

#9 HesabuKwanza

Mkuu KasiTupu, nguvu hiyo ipo lakini umeielekeza kusiko. Pistoni ikiwa juu na kutaka kuendelea kupanda, inaivuta krenki kwenda juu, kwenye tandiko la bloku (nusu ya juu ya tundu, iliyo kwenye bloku yenyewe). Kofia wakati huo inapumzika. Kinachoisukuma krenki kwenye kofia ni mlipuko, na pia pistoni inapofika chini kabisa na kusimamishwa. Tukichukua uzito wa 0.9 kg kwa pistoni, pini na kichwa kidogo cha konrodi, kwa mizunguko 6,000 nguvu ya juu ni takriban kilonewtoni 20 na ya chini ni 11. Kwa mizunguko 7,500 zinakuwa 32 na 17, kwa sababu nguvu hii inakua kwa mraba wa kasi. Bado 17 ni ndogo kuliko 89 za mlipuko wa tabo.

#10 KasiTupu

Nakubali masahihisho kuhusu pistoni, na nashukuru kwa namba. Lakini hesabu yako imeichukua krenki kama jiwe lisilopinda, na krenki hupinda. Vizito vya krenki vinavyozunguka havimalizani palepale vilipo. Kila kimoja kinavuta upande wake, na krenki ndefu yenye mikono minne inajikunja kama fimbo ya kuvulia samaki, kidogo mno kwa jicho lakini kwa kiwango kinachotosha kusukuma kofia za katikati kila upande katika kila mzunguko. Mlipuko unasukuma kofia kwa pande mbili tu. Mkunjo wa krenki unaisukuma kwa pande zote, na mabaka ya Kitovu yamezagaa uso mzima. Hilo silioni likijibiwa na hesabu ya #4.

#11 BabuSpana

Marahaba, binti yangu, na tarehe nimeipokea. Kuhusu mkunjo wa KasiTupu, mbona hamumuulizi Kitovu habari za pulei ya mbele yenye mpira ndani? Mpira ukizeeka, krenki inatetemeka, na kofia zinahama.

#12 MizaniSawa

Babu, pulei ile inazuia krenki isijisokote, yaani mbele isitangulie au kuchelewa nyuma. Kujipinda kama fimbo ni mtikisiko mwingine, na pulei haiugusi kwa kiasi kikubwa. Ikichakaa inaweza kuvunja krenki au kulegeza giya ya kemshafti (mhimili unaofungua vali), lakini sijaona kofia ya katikati ikihama pembeni kwa sababu yake peke yake. Hata hivyo Kitovu aitazame, kwani haigharimu kitu kutazama.

#13 Msasa

Nataka kuonya kuhusu shauri la #2 kabla mtu hajalitekeleza nusunusu. Miaka michache iliyopita nilibadilisha bolti za kofia nikaweka stadi, nikafunga krenki na beringi mpya kwa vipimo vya zamani. Kofia tatu za kwanza zilikazwa na krenki ikazunguka kwa vidole viwili. Nilipokaza ya nne ikawa nzito, na ya tano ilipokazwa nikahitaji fimbo ndefu kuizungusha. Nilifungua, nikapima matundu bila beringi kwa geji ya saa, nikakuta tundu la nne limekuwa yai kwa milimita 0.03. Nafasi yote ya oili ya injini kama ile ni milimita 0.05 hadi 0.065, kwa hiyo nilikuwa nimekula nusu yake kwa kubadilisha bolti tu.

Stadi inabana kwa nguvu nyingine na mahali pengine. Inaingizwa kwenye bloku kwa mkono, bila kukazwa, na nati ya juu yenye hesi (mizunguko ya skrubu) nyembamba ndiyo inayovuta. Bolti inajisokota na kuvuta kwa pamoja. Kofia inapobanwa tofauti, tundu linachukua umbo tofauti. Ukibadilisha aina ya kifungio, matundu yote matano lazima yahoniwe upya (yasuguliwe kwa jiwe hadi kipimo) kwa mstari mmoja, kofia zikiwa zimekazwa kwa vifungio vile vile utakavyovitumia. Karakana iliyoniuzia stadi haikunieleza hilo.

#14 UfaMwembamba

Mmeongea juu ya kofia kwa ujumbe kumi na tatu, na bloku inayozishika imesahauliwa. Kofia haielei hewani. Imefungwa kwenye ukuta wa ndani wa bloku, na ukuta huo ni wa chuma cha kusubu, ambacho kinavumilia kugandamizwa lakini kinapasuka upesi kikivutwa. Nguvu zote za #4 zinapita kwenye hesi za bolti, zinaingia kwenye ukuta, zinapanda hadi kwenye silinda na kichwa. Ukuta ukinepa, kofia itasuguana na bloku hata kama mabega yamebana na bolti ni mpya, kwa sababu nyuso mbili zinazokutana hazinepi kwa kiasi kimoja.

Ndiyo maana naziogopa bolti nne zilizonyooka. Bolti ya nje iliyonyooka inatobolewa mahali ambapo ukuta umeshakuwa mwembamba, na nimeona nyufa zinazoanzia kwenye tundu hilo na kuelekea juu. Bolti ya nje iliyolala kwa pembe inaingia kwenye nyama nene karibu na ukuta wa pembeni wa bloku, ikivuta kofia kuelekea kwenye bloku na nje kwa pamoja. Wako mafundi wanaoamini kwamba bloku ya bolti mbili iliyochongwa ikapewa kofia za feleji zenye bolti za pembe ni imara kuliko bloku iliyotoka kiwandani na bolti nne zilizonyooka, na mimi ni mmoja wao.

Lakini hata hizo zina mpaka. Bloku ya kawaida ya Ford 302 inafahamika kwa kupasuka kwa urefu wake, kutoka kwenye kuta za beringi hadi kwenye bonde la kati, na wengi hutaja nguvu za farasi 500 kuwa ndipo hatari inapoanzia. Watu wamezifunga mkanda wa chuma chini, na bado zimepasuka juu ya mkanda.

#15 Mwanagenzi

Samahani wakuu kwa kuingilia, naomba kujifunza. Kwa nini basi asiweke bolti za pembeni zinazopita ukutani na kuingia kwenye kofia kwa mlalo? Nimewahi kuziona. Na je, bloku ya alumini ingekuwa afadhali?

#16 MizaniSawa

Swali zuri, mdogo wangu. Bolti za mlalo zilitumika kwenye Ford 427 na kwenye Hemi ya Chrysler ya inchi 426 ya mwaka 1964, na LS1 ya General Motors iliyotoka mwaka 1997 ina bolti sita kwa kila kofia, nne wima na mbili za mlalo. Zinajibu moja kwa moja ile nguvu ya pembeni ya #4. Lakini zinahitaji kuta za bloku zishuke chini ya mstari wa krenki ili bolti ipate pa kupita. Bloku ya Kitovu inaishia kwenye mstari wa krenki. Hakuna ukuta wa kutoboa.

Kuhusu alumini, LS1 yenyewe ni ya alumini na ina kofia za chuma. Alumini inanepa kirahisi zaidi ya chuma cha kusubu, na inatanuka karibu mara mbili ya chuma ikipata joto. Tundu la milimita 67 ambalo nusu yake ni alumini na nusu ni chuma linaweza kuongezeka kuliko shingo ya krenki kwa makisio ya milimita 0.03 hivi joto likipanda kwa nyuzi 80. Aliyejenga injini hiyo alilipangia hilo tangu mwanzo. Alumini yenyewe haiifanyi bloku kuwa imara zaidi.

#17 Mkereza

Kitovu aliuliza kama akate bloku, na hakuna aliyemweleza kukata kwenyewe kukoje, kwa hiyo niruhusuni nirefushe.

Bloku inalazwa kichwa chini juu ya meza ya mashine ya milingi na kupangwa kwa kufuata mstari wa krenki wenyewe. Mimi napitisha fimbo iliyonyooka kwenye tundu la kwanza na la tano, natembeza geji ya saa juu yake kutoka mwisho hadi mwisho, na siwashi mashine mpaka sindano isimame mahali pamoja. Anayefuata uso wa sampu (bakuli la oili) badala ya mstari wa krenki anakosea tangu mwanzo, kwa kuwa uso huo kazi yake ni kuzuia oili tu. Kisha nasaga tandiko na mabega ya zamani ili kofia mpya, ambayo ni pana zaidi, ikalie kwenye chuma kibichi kwa kubana. Kofia ya feleji ikishakaa na bolti za ndani zikikazwa, inakuwa kiongozi wa kutobolea matundu ya nje. Hapa ndipo moyo hudunda: keekee inaingia kwa pembe, na ncha yake inagusa upande mmoja kabla ya mwingine, ikipenda kuteleza kuelekea palipo laini. Naanza kwa kisu bapa kuitengenezea ncha mahali pa kukaa, kisha natoboa polepole, nikijua pia kwamba nyuma ya ukuta fulani yako maji. Hesi nazikata kwa kina kisichopungua mara moja na nusu ya kipenyo cha bolti, na mzunguko wa kwanza wa hesi nauzamisha chini ya uso, kwa sababu hesi ya juu ikivutwa inainua kijilima kinachoizuia kofia kukaa sawasawa.

Kofia mpya zinakuja na tundu dogo kwa makusudi. Nazikaza zote, nabori kwa mstari mmoja nikibakiza kama milimita 0.1, halafu namalizia kwa kuhoni hadi kipimo, ambacho kwa bloku ya aina hii ni milimita 67.07 hadi 67.09. Hapo kuna mtego mwingine: jiwe la kuhoni linakula chuma cha kusubu upesi kuliko feleji, kwa hiyo ukikosa subira tundu linapanda juu kuelekea kwenye bloku. Ndiyo sababu wengine hupenda kofia za chuma cha kusubu kilichoimarishwa, ambacho kwa ukakamavu kiko kati ya viwili hivyo.

Na mstari wa krenki ukipanda hata kwa milimita 0.1, krenki imesogelea kemshafti na cheni ya taimingi imelegea. Ziko cheni fupi zilizotengenezwa kwa ajili hiyo. Gia boksi nayo ipimwe upya kama imenyooka na krenki. Kazi hii itangulie kubori silinda na kusaga uso wa kichwa, kwa kuwa vipimo hivyo vyote vinaanzia kwenye mstari wa krenki.

#18 BabuSpana

Mkereza, ukieleza hivi tunatamani sote kuleta bloku kwako, ila kwa foleni yako ilivyo krenki zitaota kutu zikisubiri. Nauliza kwa dhati: kama mabega ya Kitovu bado yanabana, kuna haja ya yote hayo? Na je, kuijaza nusu ya chini ya bloku kwa saruji maalumu hakuondoi kule kunepa anakokusema UfaMwembamba?

#19 UfaMwembamba

Mzee wangu, saruji inashika silinda zisitikisike, na inasaidia kidogo kuta za juu. Haishiki hesi za bolti wala haiongezi chuma chini ya tandiko. Niliwahi kujaza bloku moja hadi chini kidogo ya matundu ya pampu ya maji. Silinda zilitulia vizuri, lakini oili ilipanda joto kwa kuwa sehemu ya chini ilipoteza maji yanayoipoza, na nililazimika kuongeza kipoza oili. Kofia hazikubadilika kitu.

#20 Kitovu

Nimerudi na vipimo, na nimechanganyikiwa zaidi kuliko siku ya kwanza. Nimesafisha kila kitu, nikafuata maagizo ya #5. Kofia ya tatu inacheza: filageji ya milimita 0.05 inaingia begani upande mmoja. Lakini ya pili na ya nne zimebana kabisa, sikuweza kuzishusha bila nyundo ya plastiki, na bado mabaka yao ni makubwa kuliko ya ile ya tatu.

Nilikaza zote kwa newtonimita 95 nikapima matundu kwa mshazari, pande zote mbili. Tundu la tatu lina tofauti ya milimita 0.03 kati ya mishazari miwili. La pili na la nne ni duara ndani ya milimita 0.01. Bolti nane nimezipima urefu zikiwa huru na zinalingana. Mbili zilizobaki, zote za kofia ya pili, ni ndefu kuliko wenzake. Mpira wa pulei una nyufa.

#21 HesabuKwanza

Kofia ya tatu inaeleweka kwa mabega. Ya pili na ya nne hazieleweki kwa mabega.

#22 BabuSpana

Ya pili inaeleweka kwa bolti. Mbili ndefu, nilisema.

#23 UfaMwembamba

Na ya nne, ambayo mabega yake yanabana na bolti zake zinalingana, haieleweki kwa mojawapo. Kofia iliyobana, tundu lililo duara, na bado nyuso zimesuguana: kwangu huo ni ukuta unaonepa. Kabla hujaamua lolote, bloku ipimwe nyufa kwa sumaku na unga wa chuma, hasa kuzunguka matundu ya bolti za kofia ya nne na juu yake. Ufa ukionekana, usikate, tafuta bloku nyingine.

#24 KasiTupu

Au ni krenki iliyopinda. Ya nne na ya pili ziko kwa ulinganifu pande mbili za katikati, na hivyo ndivyo fimbo inavyojikunja. Iwekwe juu ya vitalu vya V kwenye shingo ya kwanza na ya tano, izungushwe, na geji ya saa isomwe kwenye shingo ya tatu. Na vizito vipimwe mizani, kwani pistoni za zamani huenda zilibadilishwa bila krenki kusawazishwa upya.

#25 DizeliNzito

Silinda ya tatu na ya sita ndizo zilizokuwa na vidoa, #7. Kwenye V8 nyingi hizo zinakaa kwenye mikono inayopakana na kofia ya pili, ya tatu na ya nne. Sijaacha dai langu.

#26 Mkereza

Mimi bado ningekata, kwa sababu kukata kunatengeneza mabega, kunaondoa uso uliolika, na kunahamisha sehemu ya mzigo kwenda kwenye chuma kinene, hata kama hatujakubaliana chanzo. Lakini nakubaliana na UfaMwembamba kwamba sumaku itangulie. Sitaki kutoboa matundu sita mapya kwenye bloku yenye ufa.

Kitovu, ongeza kipimo kimoja. Kaza kofia ya nne kwa newtonimita 30, pima tundu. Kaza kwa 60, pima. Kisha 95, pima. Fanya hivyo hivyo kwa kofia ya tano, ambayo haikuhama. Nataka kuona tundu la nne linabadilika umbo kwa kiasi gani njiani, likilinganishwa na kofia yenye afya.

#27 Kitovu

Bloku inakwenda kupimwa kwa sumaku kesho asubuhi, na krenki nitaiweka juu ya vitalu vya V jioni hii. Kipimo cha hatua tatu nimekianza: kofia ya tano haikubadilika zaidi ya milimita 0.01 kutoka newtonimita 30 hadi 95. Ya nne kwa 30 ilikuwa yai kwa milimita 0.04, na ilipofika 95 ikawa duara.

#28 MizaniSawa

Kwa hiyo uduara wake unategemea mbano wote uwepo. Pima tena ya nne ukiwa umebadilishana bolti zake na za kofia ya tano, halafu utuandikie kabla hujaisafirisha bloku.